Bibi Shamba Anajibu: Niuze Lini, Nipande Nini, Nihifadhi Kiasi Gani

Barua nyingi mlizoniletea mwezi huu zinauliza kuhusu ukame. Nimechagua tano. Ya Longido nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wanaouliza kama yeye ni wengi, na kwa sababu jambo lenyewe linaniuma: mifugo mingi inayokufa ingeweza kuuzwa ikiwa bado na nyama mgongoni.

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kijana wa Longido. Boma letu lina ng'ombe 62, na mbuzi na kondoo kama 80. Ukame wa 2009 nilikuwa mtoto lakini nakumbuka mizoga njiani. Mwaka 2021 kuingia 2022 tukapoteza tena. Kila mara baba husema tusubiri, mvua itakuja. Tunapokubaliana kuuza, ng'ombe anashushwa mnadani kwa kubebwa. Nitajuaje mapema kwamba mwaka ni mbaya? Na nitamwambiaje baba bila kumvunjia heshima?

Marahaba mwanangu. Nianze na baba yako, maana usipomwelewa yeye hesabu zote nitakazokupa zitabaki kwenye simu yako.

Baba yako si mbishi wa bure. Amewahi kuona mwenye ng'ombe 60 akibaki na 15 baada ya ukame, na mwenye 20 akibaki na watano. Yule wa 15 aliinuka tena, wa watano akaenda kulinda getini mjini. Kwa hiyo kundi kubwa kwake ndiyo akiba yenyewe. Ukimwambia "tupunguze mifugo" anasikia "tuwe maskini". Usimwambie hivyo. Muulize swali hili: baada ya ukame wa 2021 na 2022, mvua iliporudi, ni ng'ombe gani waliolijenga boma upya? Atakujibu mwenyewe kwamba ni mitamba na majike yaliyokuwa bado yanazaa. Maksai hawakuzaa, wala majike makongwe. Basi mazungumzo yenu yawe juu ya kuwaokoa majike yanayozaa, na wengine wauzwe ili hao wale. Ukiona ni vigumu kulisema peke yako, pitia kwa baba yako mdogo au rika la baba yako. Laigwanani, yaani viongozi wa rika, wengi waliopita katika ukame huo wanalielewa jambo hili vizuri kuliko maofisa.

Sasa dalili. Ukame hutangulia kuonekana kwenye maziwa kabla haujaonekana kwenye mbavu. Majani yanapopungua ubora, jike hupunguza maziwa kwanza, kisha ndama hudumaa, kisha majike hukosa joto na hayapandwi. Mbavu zikianza kuhesabika umeshachelewa kwa bei nzuri, ingawa bado hujachelewa kwa uhai. Kwa hiyo mwombe mama yako, ambaye ndiye anayekamua, akwambie kila Jumapili idadi ya vibuyu vya asubuhi. Andika. Andika pia mwendo wa kwenda majini: leo ni saa moja, mwezi ujao saa mbili na nusu. Na andika mbuzi mmoja wa wastani ananunua debe ngapi za mahindi siku ya mnada. Tuseme Septemba alinunua debe nne na Desemba ananunua mbili. Soko limeshajua kuna njaa hata kama anga lina mawingu.

Vipimo hivyo sikuvitunga. Majirani zako wa ng'ambo ya Namanga wana Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame ya Kenya, ambayo kila mwezi hutoa taarifa kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Kajiado ikiwemo. Hupima maziwa, umbali wa maji, bei ya mbuzi kwa mahindi, hali ya lishe ya watoto, na ukijani wa malisho unaosomwa kwa satelaiti. Kisha hutaja hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Soma ya Kajiado. Mvua zenu hufanana, na mifugo yenu huvuka mpaka. Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022 misimu mitano mfululizo ilishindwa kule, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa. Taarifa zilikuwa zinatoka kila mwezi. Kilichokosekana kwa wafugaji wengi ni tarehe ya kuamua.

Hapo ndipo nataka unisikilize kwa makini. Dalili bila tarehe haisaidii, kwa kuwa kila wiki ina matumaini yake. Kaeni na baba wakati huu ambapo hakuna taharuki, mkubaliane tarehe tatu.

Ya kwanza ni mwisho wa Desemba. Kama vuli haijaotesha majani ya kutosha, wanauzwa maksai wote wakubwa na madume ya ziada. Bado watakuwa na mwili, na Mwaka Mpya husaidia bei.

Ya pili ni kati ya tarehe 15 na 20 Aprili. Masika ikiwa haijashika kufikia hapo, hata ikinyesha Mei itakuwa fupi, na mbele yenu kuna kiangazi cha kuanzia Juni hadi Novemba. Wanauzwa majike makongwe na yale ambayo hayajashika mimba misimu miwili.

Ya tatu ni mwisho wa Mei. Hapo mnahesabu nyasi zilizosimama kwenye alalili, malisho mliyoyafunga, na mnagawa kundi: la kwenda ronjo, kambi ya muda ya malisho, na la kubaki.

Kuhusu hesabu yenyewe, ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 anahitaji majani makavu karibu kilo 6 kwa siku. Ng'ombe 62 ni kilo 372, sawa na marobota 25 ya kilo 15, kila siku ya Mungu. Kwa miezi mitatu ni marobota zaidi ya 2,200. Hakuna boma linaloweza kununua hayo. Lakini majike 12 bora yanahitaji karibu marobota matano kwa siku, yaani 430 au 440 kwa miezi mitatu, na ukichanganya na maganda ya migunga uliyookota na kuhifadhi gunia kwa gunia, unapunguza zaidi. Hilo linawezekana. Mweleze baba hivyo: hatuwezi kuwalisha 62, tunaweza kuwalisha 12, tuchague sasa ni wapi.

Fedha ya mauzo msiiache mfukoni. Sehemu inunue mahindi mara moja, kabla bei haijapanda, maana familia yenye chakula ndani hailazimiki kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Sehemu iwe ya dawa na marobota. Inayobaki ikae benki au kwenye simu kwa ajili ya kununua mitamba mvua ikirudi. Nikuambie ukweli: mitamba baada ya ukame huwa ghali, na baba atalalamika kwamba uliuza rahisi ukanunua ghali. Mwoneshe daftari la mwaka 2022, wale waliokufa waliuzwa kwa shilingi ngapi.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema "wastani hadi chini ya wastani" kwa Arusha, haina maana kwamba Longido haitanyesha. Inamaanisha kwamba uwezekano wa mvua kuwa pungufu umezidi ule wa kawaida kwa kanda nzima. Na ukisikia La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, imetajwa kuelekea vuli, ongeza tahadhari, kwa kuwa kwetu kaskazini mara nyingi huambatana na vuli dhaifu. Ilikuwepo 2020, 2021 na 2022 mfululizo, na mliona wenyewe. Huo si wakati wa kuuza kundi zima kwa hofu. Ni wakati wa kuiwahisha tarehe ya kwanza kwa wiki mbili au tatu.

Habari za kazi Bibi Shamba. Nalima ekari tatu Chamwino, Dodoma. Mwaka jana mahindi yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Bwana shamba anasema nilime mtama, lakini mtama ukilimwa huku kwelea wanaumaliza. Nifanye nini? Nina watoto wanne na mama mkwe.

Salama mwanangu, pole sana na mahindi. Ukavu wa wakati wa mbelewele ndio mbaya kuliko wote. Hindi likikosa maji siku hizo chache halifungi punje, hata mvua ikirudi kesho yake. Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote kati ya Desemba na Machi, na katikati hapo Januari au Februari huingia jua la wiki mbili au zaidi. Hata mwaka ambao jumla ya mvua ni nzuri, mahindi hunaswa na jua hilo. Mtama hujikunja, unasubiri, ukipata maji unaendelea.

Ila hoja yako ya kwelea ni ya kweli na nakasirika watu wanapoipuuza. Ndege mmoja hula au kuharibu karibu gramu 10 kwa siku, na wanakuja kwa malaki. Mwanamke mmoja na watoto hawawezi kuwafukuza kutwa mwezi mzima, na watoto wanatakiwa shule. Kwa hiyo usilime mtama peke yako. Zungumza na majirani wa shamba zinazopakana mpande aina moja, wiki moja. Shamba moja lililowahi kukomaa, au lililochelewa, ndilo linalobeba ndege wote wa kijiji. Mkikomaa pamoja hasara inagawanyika, na zamu ya kulinda inagawanyika. Chagua mbegu fupi inayowahi, kama Macia, inayokomaa kwa miezi mitatu na nusu hivi. Vuna mara punje ikikauka vya kutosha, usingoje shamba zima lifanane. Ekari nyingine panda uwele, na kati yake kunde. Makundi makubwa ya ndege yakitua, toa taarifa kwa mtendaji mapema ili wilaya iombe ndege ya kupulizia, kwani kazi hiyo haiwezi kufanywa na kaya.

Mahindi usiyaache kabisa kama familia inayapenda, ila yapeleke kwenye robo ekari ya chini inayokusanya maji, na uyachimbie mashimo ya Chololo. Yalibuniwa hapo hapo kwenu Dodoma, katika kijiji cha Chololo. Shimo lina upana wa sentimita 22, kina cha 30. Kutoka shimo hadi shimo kwenye mstari ni sentimita 60, na kati ya mistari ni 90. Weka samadi iliyooza na udongo wa juu, acha shimo halijajaa ili lizuie maji, na udongo uliobaki uukingie upande wa mteremko. Ekari nzima ni karibu mashimo 7,500, kazi ya kuua mtu. Robo ekari ni kama 1,900. Yachimbe kuanzia Agosti, machache kila asubuhi, na usikubali mtu akulaumu kwa kuwa hukumaliza ekari.

Na usipande kwa rasharasha ya kwanza. Subiri mvua itakayofika milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu. Kama huna kipimo, chimba kwa jembe: udongo ukiwa umelowa kiasi cha kiganja kizima kwenda chini, panda. Uwele tu ndio naukubali upandwe kavukavu.

Chakula. Ninyi ni watu sita au saba ukimhesabu na baba watoto. Weka nusu kilo ya nafaka kwa kila mtu kwa siku: watu saba ni karibu gunia 13 za kilo 100 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba yako, iandike ukutani. Ukivuna gunia nane, unajua tangu Juni kwamba zinapungua tano, na mahindi ya Juni hayafanani bei na ya Januari. Chochote utakachohifadhi kwa zaidi ya miezi mitatu kiingie kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa na ufunge barabara, maana dumuzi, yule tunayemwita skania, anaweza kula akiba yako kabla ukame haujafika. Ndugu zangu, gunia lililoliwa na dumuzi na gunia lililokaushwa na jua ni njaa ile ile.

Bibi, mimi naishi Mbagala, Dar es Salaam. Sina shamba wala ng'ombe. Kila nikifungua gazeti lenu ni ukame. Unanihusu nini?

Unakuhusu mwanangu. Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Mwaka 2006 Bwawa la Mtera lilishuka hadi chini ya mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini kinachoruhusiwa kuzalishia umeme, na nchi ikakaa gizani kwa zamu. Mvua za Morogoro na Iringa ndizo zinazokupa taa na ndoo.

Nunua tangi kadiri ya uwezo wako na uweke mfereji kwenye paa. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 20, unapata karibu lita 480 ukitoa zinazopotea. Maji ya mvua ya kwanza yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Shikamoo mama. Mimi ni mtendaji wa kijiji wilayani Kishapu. Tumeagizwa tuandike mpango wa kukabili ukame. Sijui pa kuanzia. Mfano niliopewa una majedwali mengi ya maneno makubwa. Naomba mwongozo.

Marahaba. Majedwali yaache mwisho. Itisha mkutano na uanze na maswali manne, na hakikisha wanawake na vijana wachungaji wana kikao chao kabla ya ule wa wote, kwa kuwa mbele ya wazee hawatasema kila kitu.

Miaka gani ilikuwa mibaya? Chora mstari ardhini, wazee waweke jiwe kwa kila mwaka wa njaa wanaoukumbuka, kwa miaka 30 iliyopita. Ukipata mawe saba au nane, unajua kwamba kila mwaka wa nne hivi una shida, na kwamba mpango wako hauhusu jambo la nadra. Kishapu ukame si ajali.

Maji na malisho huisha wapi kwanza? Tembeeni. Lambo gani hukauka Agosti, lipi hufika Oktoba, kisima kipi huwa na chumvi.

Nani huumia kwanza? Hapa uwe na ujasiri. Njaa haishuki kijijini kwa usawa. Andika majina ya kaya, kwa siri ya ofisi: wajane, wazee wanaolea wajukuu, wasio na hata mbuzi, wenye wagonjwa. Orodha hii ikiandikwa wakati wa shibe huwa ya haki. Ikiandikwa siku lori la chakula limefika, majina ya jamaa za viongozi hutangulia, na unajua nisemalo.

La nne: tuna nini tayari? Na hapa Wasukuma mna utajiri ambao wageni huja kusomea. Ngitili. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa tangu enzi za mkoloni kutokomeza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamalizia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 hadi 2004, haukuleta kitu kigeni. Uliwarudisha watu kwenye desturi yao ya kufunga malisho mvua zinapoanza na kuyafungua katikati ya kiangazi, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa kijani. Kilichozilinda ni dagashida, mkutano wa jadi, na sungusungu pamoja na sheria ndogo za kijiji. Karatasi peke yake haijawahi kumzuia ng'ombe.

Kwa hiyo mpango wako uwe na mambo haya: ngitili ya kijiji na mipaka yake, nani anaifungua na siku gani, lambo lipi linachimbwa tope kabla ya mvua, nani anasoma kipimo cha mvua, na ikifika Januari 15 mvua ikiwa chini ya kiasi mlichokubaliana, nani anaitisha kikao na kinaamua nini. Sheria ndogo ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji kisha ipelekwe halmashauri kuidhinishwa, isije ikapingwa mahakamani. Kamati ya maafa ya kijiji inatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, hivyo una msingi wa kuomba fedha. Omba za tope la lambo, usiombe za semina.

Dada yangu, mimi ni mzee wa Mpwapwa. Tulifundishwa kwamba Kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tena tunatazama mibuyu na upepo. Sasa vijana wanatuambia tutazame simu. Tuache?

Msiache, kaka. Ila tuzitenganishe dalili.

Kilimia huzama na kuzuka tarehe zile zile kila mwaka, kwa hiyo kinakuambia msimu umefika, wakati wa kuandaa shamba. Hakiwezi kukuambia mvua itatosha, maana kilizuka vilevile mwaka wa shibe na mwaka wa njaa. Mti na upepo ni habari nyingine. Mbuyu huchanua kwa kuhisi joto na unyevu wa mwaka huo, na upepo uliogeuka mapema au kuchelewa ni sehemu ya hali ya hewa yenyewe. Hizo zinaweza kuwa na taarifa ya mwaka husika, hasa zikitazamwa na mtu aliyekaa mahali pamoja miaka mingi kama wewe. Utabiri wa simu ni wa kanda, wewe unatazama bonde lako.

Mpe mjukuu daftari. Aandike tarehe mbuyu ulipochanua, upepo ulipogeuka, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema nini, na mvua iliyonyesha kweli. Baada ya misimu kadhaa mtaona dalili ipi ni ya kutegemea na ipi ni ya kuachia hadithi. Kipimo cha mvua kiwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na mti, na kisomwe saa tatu asubuhi kila siku, hata siku ambayo hakuna tone. Siku hiyo aandike sifuri.